Ferguson TE20 haina cheche: pointi mpya, kifaa cha kielektroniki au distribyuta nzima?

Trekta ya petroli ya zamani ikigoma kuwaka, mwenye shamba hupewa ushauri wa aina tatu kabla jasho halijakauka. Mmoja anasema badilisha pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche iruke) na kondensa (inayozuia pointi zisiungue). Mwingine anasema hayo yamepitwa na wakati, tia kifaa cha kielektroniki. Wa tatu anatikisa kichwa: distribyuta, chombo kinachobeba pointi na kugawa cheche kwa plagi, imekwisha, agiza nyingine. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa trekta aliyoizoea. Hapa njia hizo tunazilinganisha kwa mfano wa Ferguson TE20, ile trekta ndogo ya kijivu iliyoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956. Zilitoka zaidi ya nusu milioni, na nyingine zimebaki zikilima hadi leo.

Hakikisha kwanza kwamba trekta yako inahusika. TEF20 ni ya dizeli, na Massey Ferguson (MF) 135 nyingi za Afrika Mashariki ni za dizeli pia. Hizo hazina koili (inayopandisha volti za betri mpaka cheche iruke) wala plagi za cheche. Zikigoma, tafuta hewa kwenye mipira ya dizeli, chujio lililoziba, pampu au nozeli. Yaliyomo humu ni ya injini za petroli, pamoja na zile zinazowashwa kwa petroli kisha zikahamishiwa mafuta ya taa zikishapata moto.

Kabla ya kununua chochote

Anza na betri. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6 ikiwa imetulia, na stata inapozungusha injini haitakiwi kushuka chini ya 9.5 hivi. TE20 za mwanzo zilitoka kiwandani na volti 6: hizo zisome karibu 6.3, na zisishuke sana chini ya 4.8 wakati wa kuzungusha. Betri iliyochoka inaweza kuzungusha injini ukaiona inakwenda, kumbe stata imekula umeme wote na koili imeachiwa makombo.

Halafu tafuta cheche. Fungua plagi moja, irudishe kwenye waya wake, laza mwili wake wa chuma juu ya injini mahali pasipo na rangi wala kutu, mbali na kabureta na mbali na tundu ulilotoa plagi. Mwenzako azungushe stata. (Kwenye TE20 stata inaitikia gia liva ikisukumwa kwenye herufi S, kwa hiyo huwezi kuiwasha ikiwa kwenye gia.) Cheche ya bluu inayolia "ta, ta, ta" ni nzuri. Nyembamba ya rangi ya chungwa ni dhaifu. Ikiwa cheche ni nzuri na plagi imetoka kavu, acha umeme, nenda kwenye mafuta.

Kama hakuna cheche, chomoa waya mkuu wa koili kutoka katikati ya kifuniko cha distribyuta. Ushike kwa plaizi yenye mpira mzima, ncha yake iwe milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, kisha zungusha. Cheche ikiruka hapo ilhali haifiki kwenye plagi, lawama ni ya kifuniko, rota (kipande kinachozunguka chini ya kifuniko kikigawa cheche) au nyaya za plagi. Tazama ndani ya kifuniko kwa tochi: mstari mwembamba kama wa penseli kati ya nguzo mbili ni njia ambayo umeme umejichimbia, na haufutiki kwa kitambaa. Kagua pia kijiti cha kaboni katikati, kiwe kinarudi kwa springi ukikibonyeza. Rota nayo ina kipimo chake: iache mahali pake, sogeza ncha ya waya mkuu milimita 5 juu ya bati lake la shaba, zungusha injini. Cheche zikiruka kuingia kwenye rota mfululizo, umeme unapenya hadi kwenye shafti ya distribyuta. Rota hiyo ni ya kutupa, hata kama imetoka dukani jana.

Kama waya mkuu wenyewe hauna cheche, chukua taa ya majaribio: balbu ndogo ya volti za betri yako na nyaya mbili. Ncha moja kwenye ethi (chuma cha mwili wa trekta), nyingine kwenye koili upande unaotoka swichi. Funguo ikiwa imewashwa, taa iwake. Isipowaka, tatizo ni swichi au waya. Hamia upande wa koili unaokwenda kwenye distribyuta, zungusha injini. Taa ikimeta-meta, pointi zinafanya kazi, basi shuku kondensa, koili au waya mkuu. Ikiwaka bila kuzima, pointi hazigusani, au zina uchafu. Isipowaka kabisa, chomoa ule waya mwembamba wa distribyuta kutoka kwenye koili: ikiwaka sasa, kuna mguso wa ethi ndani ya distribyuta, au pointi hazifunguki. Ikibaki imezima, koili imekatika ndani.

Kuna ugonjwa mmoja unaopoteza fedha za watu wengi: trekta inalima dakika thelathini au arobaini, inakufa, inapumzika, inawaka tena. Inaweza kuwa koili au kondensa inayokatika ikipata joto. Inaweza pia kuwa kitundu cha hewa cha kifuniko cha tangi kimeziba. Dawa ni kupima cheche palepale inapokufa, si kesho yake asubuhi ikiwa baridi.

Kipimo cha mwisho ndicho kitakachoamua mengi huko mbele. Fungua kifuniko, zungusha injini mpaka pointi ziwe wazi kabisa, weka fila geji (vijibati vya kupimia pengo) kwenye pengo, kisha sukuma kichwa cha shafti huku na huku kwa kidole. Pengo likibadilika, shafti inacheza, bushi zinazoishikilia zimekwisha. Rudia kwenye pembe zote nne za kamu, ile sehemu ya shafti inayofungua pointi. Tofauti ya zaidi ya milimita 0.05 kati ya pembe na pembe ina maana kamu imelika au shafti imepinda.

Tunalinganisha kwa lipi

Maswali ni manne. Je, njia hii inatibu kile ambacho vipimo vimeonyesha, au inakificha? Inahitaji betri na nyaya za hali gani? Inataka zana na ujuzi kiasi gani? Ikiharibika katikati ya shamba, utarudi nyumbani kwa trekta au kwa miguu? Gharama inafuata, kwa sababu kipuri cha bei ndogo kilichowekwa mahali pasipo pake ndicho ghali kuliko vyote.

Njia ya kwanza: pointi na kondensa mpya

Hii ni kuirudisha distribyuta ilivyotoka kiwandani. Inatibu pointi zilizoungua, kisigino (sehemu ya pointi inayosukumwa na kamu) kilicholika na kondensa mbovu. Shafti inayocheza haiitibu hata kidogo. Ukiweka pointi mpya juu ya bushi zilizokwisha, utapata pengo zuri injini ikiwa imesimama na vurugu ikizunguka.

Zana ni bisibisi, spana ndogo, fila geji na taa ya majaribio. Kazi si ngumu, ila ina mtego mmoja: mpangilio wa vipande vya kutenga umeme kwenye nguzo ya pointi. Springi ya pointi, waya wa kondensa na waya mwembamba wa koili vyote vinakutana kwenye nguzo hiyo na lazima vigusane, lakini visiguse nguzo yenyewe wala nati yake, maana nguzo ni ethi. Kinachotenga ni kijishikizo cha plastiki chenye shingo inayoingia kwenye nguzo. Ukiweka kichwa cha waya juu ya kijishikizo, chini ya nati, badala ya chini yake, umefunga ethi ya kudumu na cheche hutaiona. Piga picha kabla ya kufungua.

Pointi mpya huja zimepakwa mafuta kidogo zisishike kutu. Zifute kwa kitambaa chenye petroli, halafu pitisha karatasi safi kati yake zikiwa zimefunga. Weka pengo kisigino kikiwa juu kabisa ya pembe ya kamu: milimita 0.25 hadi 0.30 kwa distribyuta za Lucas za zamani, 0.35 hadi 0.40 kwa zile za baadaye. Namba ya aina imo kwenye bati au imegongwa ubavuni. Grisi kwenye kamu iwe ya ukubwa wa punje ya mchele. Ikizidi hurushwa kwenye pointi, na hapo unaanza upya. Matone mawili ya oili ya injini chini ya rota yanatosha.

Ukigusa pengo umegusa taimingi, yaani wakati cheche inaporuka: pengo likiongezeka cheche inawahi, likipungua inachelewa. Kwa hiyo pima taimingi baada ya pengo, kamwe si kabla. Leta silinda ya kwanza kwenye alama inayotajwa na kitabu cha injini yako, ikiwa kwenye mgandamizo, kisha zungusha mwili wa distribyuta taratibu mpaka taa ya majaribio iwake. Hapo ndipo pointi zinafunguka. Injini ya petroli na ya mafuta ya taa hazitumii digrii sawa, usiazime namba ya jirani.

Upande wa umeme, njia hii haina makuu. Koili ya volti 12 yenye omu 3 hadi 4 inakula ampia tatu na ushee tu, hivyo hata betri iliyoshindwa kuzungusha stata inaweza kutoa cheche ukizungusha kwa hendeli. (Kwa hendeli, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudisha teke, dole lililozunguka chuma linavunjika.) Haijali kama ethi ni ya chanya au ya hasi, mradi koili imeunganishwa sawasawa. Kwenye ethi ya chanya, ambayo ndiyo ya asili ya TE20, alama ya jumlisha ya koili inakwenda kwenye distribyuta. Ukigeuza, trekta itawaka, lakini cheche itakuwa dhaifu na asubuhi za baridi utajua.

Pointi huharibika polepole na kwa kutoa taarifa. Kisigino kinalika, pengo linaziba, cheche inachelewa, nguvu zinapungua, ekzosi inapata moto kuliko kawaida. Uso wa pointi moja ukiota kilima na mwenzake ukichimbika shimo, kondensa haina kiasi sahihi, ambacho ni karibu mikrofaradi 0.2. Kondensa mpya za bei ya chini ndizo udhaifu mkubwa wa njia hii. Ile ya zamani ikiwa bado nzima, mwachie kazi yake, mpya ibaki akiba. Porini, msasa laini na kipande cha karatasi vinakurudisha nyumbani. Usitumie msasa wa chuma, chembe zake hubaki kwenye uso wa pointi.

Inamfaa mwenye shafti imara, anayefanya kazi kwa mikono yake, na aliye mbali na duka.

Njia ya pili: kifaa cha kielektroniki ndani ya distribyuta hiyohiyo

Pointi na kondensa vinatoka. Mahali pake panakaa kijisanduku chenye nyaya mbili, na chini ya rota inavalishwa pete yenye sumaku nne. Sumaku ikipita, kifaa kinakata umeme wa koili kama pointi zingefanya, bila kugusana na kitu. Kisigino hakipo, basi hakuna cha kulika, na taimingi ikishawekwa inakaa.

Je, inatibu shafti inayocheza? Nusu. Kwa kuwa pete haisukumwi na kisigino, mchezo mdogo wa shafti hauonekani sana na injini itatulia kuliko ilivyokuwa. Bushi zitaendelea kulika, na siku pete itakapoanza kukwaruza kijisanduku utalipia vyote viwili. Kuna wanaouza kifaa hiki kama dawa ya distribyuta iliyokwisha. Si dawa, ni panadoli.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya nusu saa. Kinachotaka akili ni umeme. Kifaa hununuliwa kwa volti na kwa ethi: volti 6 au 12, chanya au hasi. Cha ethi ya hasi kikiunganishwa kwenye trekta ya ethi ya chanya kinakufa kabla hujafunga boneti. Na usiamini kitabu hapa. TE20 nyingi zimegeuzwa na mafundi waliopita, kwa hiyo fuata kwa macho waya mnene unaotoka betri hadi kwenye mwili wa trekta uone umetoka kwenye nguzo ipi. Angalia pia omu za koili dhidi ya kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye karatasi ya kifaa. Koili ya volti 6, yenye omu 1.5 hivi, iliyoachwa kwenye trekta iliyohamishiwa volti 12 bila rezista huchoma kifaa, kama inavyochoma pointi. Nyaya za plagi ziwe zile zenye ukinzani wa umeme ndani. Za shaba tupu hutoa mawimbi yanayokivuruga baadhi ya vifaa hivi, injini ikaanza kumisi bila sababu inayoonekana.

Betri dhaifu ndiyo adui yake. Volti zikishuka sana wakati stata inazunguka, kifaa hakiamki, na unasikia injini ikizunguka kwa bidii bila hata kukohoa. Wenye volti 6 walifikirie hilo mara mbili. Funguo isiachwe imewashwa injini ikiwa imesimama. Na ukitaka kuchomelea jembe au mkono wa haidroliki likiwa bado kwenye trekta, chomoa kwanza betri na nyaya za kifaa.

Kikifa kinakufa ghafla, hakina msasa wala karatasi. Kwa sababu hiyo bamba la zamani lenye pointi zilizokwisha kuwekwa pengo, pamoja na kondensa, likae kwenye kopo ndani ya sanduku la spana. Kulirudisha ni kazi ya nusu saa, na bila hilo unategemea bodaboda ya mjini.

Inamfaa mwenye betri na dainamo nzuri, shafti isiyocheza au inayocheza kidogo, na trekta inayokaa wiki kadhaa bila kuwashwa, hasa ukanda wa pwani ambako chumvi na unyevu hupaka pointi ukungu kila isimamapo.

Njia ya tatu: distribyuta nzima

Hii ndiyo ghali, na kwa trekta fulani ndiyo pekee yenye maana: shafti inacheza, kamu imelika, vyuma vya uzito vinavyowahisha cheche vimeganda kwa kutu, au mwili umepasuka. Kifuniko na rota kwa kawaida huja pamoja nayo, hivyo inafagia matatizo mengi kwa mkupuo.

Kabla ya kuagiza mpya, uliza karakana yenye mashine ya kukerezea kama wanaweza kutengeneza bushi. Bushi za shaba ya vinyweleo zilowekwe kwenye oili ya injini usiku kucha kabla ya kugongwa mahali pake. Mwili wa asili wenye bushi mpya mara nyingi hudumu kuliko nakala ya bei nafuu, ilimradi kamu haijalika.

Ukiagiza, linganisha vitu vinne: urefu wa shina, umbo la mwisho wa shafti unaoingia kwenye injini, upande rota inakozungukia, na volti za kifaa cha kielektroniki kama kimo ndani. Kabla ya kuchomoa ya zamani, chora alama kwa chaki rota inakoelekea na mwili ulikokaa, na mtu asiguse hendeli. Yenye meno ikiingia jino moja pembeni, taimingi imepotea na utadhani kipuri ni kibovu. Mpangilio wa kuwaka wa TE20 ni 1-3-4-2. Jirani mwenye Ford 8N, ambayo nayo ina mabati ya kijivu, ana 1-2-4-3, na kunakili nyaya zake kutakuletea milipuko kwenye ekzosi. Distribyuta mpya nayo ipimwe pengo. Skrubu za ndani zilizolegea tangu kiwandani si jambo geni.

Mahitaji yake ya umeme na namna inavyoharibika ni vya kilichomo ndani, pointi au kielektroniki. Inamfaa ambaye kipimo cha shafti kimemwonyesha mchezo wa wazi, na anayekusudia kuilimia trekta miaka mingi.

Trekta nyingine za enzi hizo hutumia magneto, isiyohitaji betri. Huko mlio wa "kla" unapozungusha hendeli polepole ndio dalili kwamba springi ya kuwashia iko hai. Pengo la pointi na usafi ni vilevile, lakini koili ya ndani ikiungua au sumaku ikichoka, kazi hiyo ni ya karakana.

Kwa hali yako

Shafti imara, betri ya kubahatisha, duka liko kilomita themanini: pointi, kondensa mbili, rota moja ya akiba.

Shafti imara, volti 12 zenye afya, trekta inalala sana kati ya msimu na msimu: kielektroniki, na bamba la zamani kwenye kopo.

Volti 6 za asili na hutaki kubadilisha: baki na pointi, na fedha uliyotenga weka kwenye nyaya nene za betri na ethi iliyokwanguliwa kutu. Nyaya za volti 12 ni nyembamba mno kwa kazi hiyo, ingawa zinafanana kwa nje.

Shafti inacheza lakini mvua zimeshaanza na shamba halijalimwa: pointi mpya, pengo uliweke upande wa juu wa kipimo, lima, kisha distribyuta itoke kwenda karakana mavuno yakiisha.

Shafti inacheza na una muda: bushi kwanza, nakala mpya ikiwa kamu imelika. Kifaa cha kielektroniki kije baadaye kama bado unakitaka.

Na kama cheche ilikuwa ya bluu tangu mwanzo, funga kifuniko cha distribyuta, ufungue bakuli la chujio la petroli.